Likizo ya Majaribio

Nilirudi Kigali Jumapili jioni kutoka Bukoba, nimenenepa, nimetulia, na nina nia moja tu: utulivu ule usiniponyoke. Wiki mbili nyumbani kwa mjomba wangu zilikuwa zimenitengeneza upya. Mimi niliyezoea kula mchana nimesimama, mkasi mkono huu, chapati mkono ule, nilikuwa nimejifunza kula nimekaa, tena na kuongeza. Nililala mchana mpaka mto ukashika umbo la sikio langu. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na nakuambia nilikula senene wa kukaanga hadi nikaogopa kupiga chafya, nisije nikaruka nikatua juu ya bati. Ukiuliza leo ni siku gani, mke wa mjomba alikujibu kwa swali: unaitakia nini? Siku ya tano nikaacha kuuliza.

Kazi yangu ni kukata. Katika karakana yetu ya ushonaji pale Gitega kuna mashine sita, na zote sita hula kutoka mkononi mwangu. Nisipokata, hakuna anayeshona. Kwa hiyo miaka kumi na moja mkasi wangu ndio umekuwa saa ya nyumba ile: ukienda mbio, mashine zinakwenda mbio; ukikohoa, zinakohoa.

Likizo hatukuwa nayo. Siku ya msiba, ndiyo. Mtoto akizaliwa, ndiyo, na kesho yake uje. Sikukuu tulifunga karakana, maana hata bosi wetu anamwogopa Mungu. Lakini kuondoka tu, bila maiti wala mtoto mchanga, ukapumzike kama waziri, hilo halikuwahi kusikika. Bosi ni mwanamke aliyekulia Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na kila aliyemwomba ruhusa ya wiki alijibiwa neno moja tu, hapana, bila sababu na bila hasira. Sote tuliamini ni roho ngumu.

Mimi likizo niliipata kwa njia ya cheti. Miaka minne nilisoma shule ya jioni, baada ya mkasi, na macho yangu yakiwa mazito kama magunia ya saruji. Mwalimu wa jiografia alizoea kunigonga bega kila tulipofika jangwani, maana mimi jangwa lilinilaza kabla hata ngamia hajatokea. Lakini nilimaliza. Nilipoleta cheti kazini, bosi alikisoma mara mbili, akapangusa macho kwa kona ya kitambaa cha mteja, akaniuliza nataka zawadi gani. Watu walitegemea niseme shati. Nikasema likizo. Mashine zote zikanyamaza kama umeme umekatika.

Bosi akasema, mbele ya wote:

"Wiki mbili, mkasi nitaushika mwenyewe. Lakini wewe ndiye kipimo. Ukirudi mtu wa kazi, wengine nao watapata zamu zao. Ukirudi umeharibika, neno hilo nisilisikie tena humu ndani."

Na zamu ya pili ilikuwa ya nani, kila mtu alijua. Ilikuwa ya mama mmoja wa makamo ambaye sote humwita shangazi, hata bosi. Kazi yake ni umaliziaji: vifungo, shanga, na yale mapindo membamba ya kukunja kwa vidole ambayo mashine ikiyagusa inayakunjakunja kama uso wa mtu aliyelamba limau. Shangazi alikulia Uganda. Yeye alirudi nchini, dada yake mkubwa akabaki Mbarara, na walikuwa hawajaonana miaka tisa. Sasa macho ya dada yalikuwa yanazimika, moja limekwisha na la pili linafuata, na kwenye simu alikuwa amemwambia shangazi aje wakati bado kuna cha kumwonea. Shangazi hakulisema jambo hilo kwa kulia. Alilisema akikata uzi kwa meno.

Basi Jumatatu asubuhi nikaenda kazini na mkeka kwapani na chupa ya chai ya tangawizi mkononi. Nilikuwa nimepanga. Kule Bukoba nilikuwa nimegundua kwamba mtu hachoshwi na kazi, huchoshwa na haraka, na nikaapa kwamba haraka haitanikanyaga tena. Nilitembea polepole hata dereva wa pikipiki mmoja akasimama kuniuliza kama ninaumwa. Nilifika, nikawasalimu watu mmoja mmoja, nikauliza habari za watoto, nikasubiri na majibu. Kisha nikakata vazi la kwanza huku nikiimba.

Jirani yangu wa mashine ya kwanza, jamaa wa Bukavu mwenye ulimi mrefu kuliko futi yangu ya kupimia, alinitazama mpaka akachoka.

"Mtalii," akasema, "hiyo nguo unakata ama unaibembeleza ilale?"

Jina likanata. Kufika saa nne nilikuwa mtalii kwa karakana nzima, hata kwa mama wa mandazi wa mlangoni. Sikujali. Saa saba nikatandika mkeka nyuma ya meza ya kukatia, nikavua viatu, nikala nimekaa, nikajinyoosha dakika kumi. Dakika kumi tu, naapa, ingawa jirani alidai kwamba nilikoroma hata vifungo vikahama kwenye kopo.

Bosi alipita, akaitazama miguu yangu ikitokeza chini ya meza kama ya mtu aliyegongwa na gari, akaenda zake.

Jumanne shangazi akanifuata kwenye rafu ya vitambaa, pale watu wanapokwenda kusema mambo. Akajifanya anatafuta uzi wa rangi ya maziwa. Aliniambia kwamba anafurahi kuniona nimenawiri, kwamba uso wangu umefunguka, kwamba hata ngozi imebadilika. Halafu akashusha sauti.

"Mwanangu, hebu choka kidogo. Bosi anakuangalia."

Nikamwambia kwamba kazi inakwenda. Akasema anajua inakwenda, lakini bosi hapimi kazi, anapima sura, na sura yangu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuondoka. Bosi alikuwa amewaambia kwamba mwisho wa wiki atatoa jibu kuhusu zamu za wengine. "Siku nne tu," akasema. "Uzichoke kwa ajili yangu. Baadaye lala hata juu ya meza, nitakufunika."

Ningefanyaje? Nikakunja mkeka. Nikaanza kuchoka kwa bidii. Nilikimbia kutoka meza hadi mashine, nilipangusa jasho ambalo halikuwapo, niliguna. Chai niliinywa nimesimama, ikaniunguza ulimi hadi sauti ikabadilika. Kwa nje nilikuwa punda wa zamani. Ndani nikaficha Bukoba kama mtu anavyoficha pipi shavuni wakati wa darasa. Jirani wa Bukavu alinipongeza. Alisema sasa naonekana vibaya vizuri.

Katikati ya maigizo yale ndipo akaja mteja. Alikuwa mama mwenye miwani mikubwa, anaishi Ulaya miaka mingi, amekuja kumwoza binti wa kaka yake. Sherehe ya kuposa ingefanyika Rwamagana siku ya Jumamosi, na alitaka mishanana kumi ya wasindikizaji wa bibi arusi: sketi, kiblauzi, na ile shuka laini ya kupitisha begani, yote rangi ya shaba. Bosi hakuwapo. Kupokea kazi kubwa asipokuwapo ni wajibu wangu, na ubao wa ahadi ukutani ninauandika mimi. Akaniuliza kama itakuwa tayari Jumamosi saa mbili asubuhi. Mimi, nikiwa mwili mmoja wenye watu wawili ndani, mmoja anayekimbia na mmoja aliyelala kando ya ziwa, nikasema bila shaka, nikaandika: Jumamosi saa mbili asubuhi, mishanana kumi.

Bosi aliporudi alifurahi kusikia kazi ile. Ubao hakuusoma. Aliniamini.

Nikakata. Mashine zikala. Alhamisi jioni mishanana sita ilikuwa imekwisha kabisa na minne imeshonwa, imebaki mikononi mwa shangazi kwa mapindo na shanga. Alikuwa amepanga: miwili Ijumaa bila haraka, miwili Jumamosi alfajiri. Shuka moja ya bega ina pindo kuzunguka pande zote, na pindo lile lina mishono mingi kuliko dhambi za wilaya nzima.

Ijumaa nikaenda msikitini kama kawaida. Bosi alikuwa ameelekea Gatsata kutafuta kipuri cha mashine ya tatu, iliyokuwa inalia kama paka. Tukasali. Nikasikia amani, nikasema moyoni kwamba wiki imeisha salama, shangazi atakwenda Mbarara. Imamu alipomaliza, kabla watu hawajainuka, akatukumbusha kwamba kesho ni umuganda, tutazibua mtaro wa chini, mwenye jembe aje na jembe.

Umuganda, kwa asiyejua, ni kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asubuhi nchi nzima inatoka na majembe na mafagio. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, mpaka saa tano. Hakuna mtu wa Kigali anayeusahau. Mtoto wa hapa neno lake la kwanza ni mama, la pili ni umuganda. Mtu akizimia ukamuuliza Jumamosi ya mwisho ni lini, atajibu ndipo azinduke. Na mimi, mzaliwa wa Gitega, mwenye cheti, nilikuwa nimemwahidi mteja nguo za harusi saa mbili asubuhi ya umuganda, saa ambayo nitakuwa ndani ya mtaro na yeye hatakuwa na gari la kumfikisha mlangoni kwetu. Mwezi ulikuwa bado na siku kadhaa mbele, ndiyo maana hata wenzangu hawakushtuka. Lakini wenzangu hawakuandika ubao. Mimi nilikuwa nimeziacha siku zote za wiki mezani kwa mjomba, nikasahau kuzirudisha.

Nilitoka mle na kandambili mbili za kushoto. Nilizitambua nilipofika karakana, na mpaka leo sijui nani alirudi nyumbani na mbili za kulia.

Nikawaambia. Nilipiga simu kwa mteja kwa papara hadi nikampigia kwanza muuza makaa. Mteja akasema alikuwa karibu kunitafuta, maana ndugu zake walikuwa wamemcheka asubuhi ileile: na yeye alikuwa amesahau, lakini yeye ana haki, Ulaya hakuna umuganda. Familia yote ingeondoka kwenda Rwamagana jioni hiyo, kabla ya barabara kufungwa. Yeye anakwenda Kanombe kupokea wageni uwanja wa ndege, na saa kumi na mbili kamili atapita kuchukua nguo.

Ilikuwa saa nane. Mishanana minne, na hata wa kwanza haujaisha.

Sasa niseme ukweli wangu. Yule mtu wa Bukoba niliyemlinda wiki nzima alitoroka palepale bila kuaga. Nilizunguka meza. Nilishika mkasi, nikauweka, nikautafuta nikiwa nimeukalia. Nilisema tumekwisha, nikasema tena, nikaanza kueleza jinsi tulivyokwisha.

Aliyetulia alikuwa shangazi. Mtu ambaye likizo ile ilikuwa yake kuliko yangu, ambaye kwa kosa langu angemkosa dada yake, alikuwa ameinama akitia uzi kwenye sindano, na uzi ukapita mara ya kwanza.

"Tandika huo mkeka wako," akaniambia. "Kaa chini. Unanikatia mwanga."

Nikatandika. Akanipa sindano na shuka moja. Nilikuwa sijakunja pindo la mkono tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, lakini akanionyesha tena, kidole gumba kinaviringisha, cha shahada kinazuia, sindano inakula nyuzi mbili tu za kitambaa, si tatu. Aliongea taratibu, habari za kawaida, bei ya maharage, binti wa jirani yake aliyeanza kwaya. Jirani wa Bukavu akaacha mashine yake, akajipa kazi ya kututilia uzi, maana pindo alisema haliwezi, vidole vyake vimeumbwa kwa injini. Wanne wengine wakagawana shanga. Taratibu pindo langu likaanza kunyooka. Nikaona kwamba shangazi hakuwa na haraka hata kidogo, na kwamba alikuwa anakwenda kasi mara tatu kuliko mimi. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwa nimewahi kukaa chini na kumtazama.

Saa kumi bosi akarudi na kipuri chake kwenye gazeti. Akasimama mlangoni. Mkataji wake yuko chini kwenye mkeka, miguu mitupu, sindano mkononi.

Kabla sijafungua kinywa, jirani akanitangulia. Akasema mteja wa mishanana amebadilisha siku, anaitaka leo jioni. Na uongo wenyewe ulikuwa mtamu kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Bosi akaitikia kwa kichwa. Akaniangalia, uso wake ukalegea, akasema basi likizo imenifaa, zamani nisingekubali kushuka kwenye meza yangu. Nilimwona shangazi akiacha kushona. Hakuinua macho. Ilikuwa imepatikana, safari yake, imewekwa pale katikati ya chumba.

Bosi akachukua kitambaa cha kufutia, akaenda ubaoni kurekebisha siku.

Pale akaganda. Alisoma mwandiko wangu, halafu akahesabu kwa vidole, halafu akahesabu tena. Mgongo wa mtu unasema mengi. Sikungoja ageuke. Nilisema kwamba mteja hakubadilisha kitu, mimi ndiye niliyeahidi asubuhi ya umuganda, kwa sababu nilirudi bila kujua tarehe, na wiki nzima sikuwa nimeuliza. Nikasema jirani amesema vile kwa wema. Nikasema kosa ni langu peke yangu na lisimwangukie mwingine. Hotuba yangu ilikuwa nzuri, ya mtu aliyemaliza shule, na haikusaidia chochote.

"Basi ni kweli," bosi akasema. "Likizo inaharibu."

Shangazi akasema, sindano ikiendelea:

"Mwaka juzi nilimshonea bwana harusi koti, mikono miwili ya kushoto. Hujasahau. Mimi sijaenda popote miaka tisa. Hilo koti liliharibiwa na likizo gani?"

Mtu mmoja akacheka kwa pua, akajizuia. Bosi akavuta kiti cha mashine ya mwisho, ile iliyo karibu na dirisha ambayo haikuwa na mshonaji wa kudumu, akakaa. Alikaa kwa namna ambayo sijawahi kumwona, kama mgeni. Akaanza kuongea, na aliongea na sakafu zaidi kuliko na sisi. Alisema kabla sisi wengi hatujafika palikuwa na binti kwenye kiti kile, alimfundisha tangu hajui kutia uzi, akamfanya kama mwanawe. Binti akaomba wiki moja aende Kampala kwa ndugu. Akampa wiki, akampa na nauli. Wiki ikawa mwezi, namba ya simu ikawa haipatikani. Si kwamba alikufa. Watu wamemwona, mzima, ana duka lake.

"Kila mtu akiniomba ruhusa," akasema, "mimi naona kiti."

Miaka kumi na moja nilidhani ni roho ngumu. Nikakumbuka jinsi kila jioni anavyotuaga mmoja mmoja, na jinsi anavyokuwa amefika kabla yetu asubuhi, amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa nikidhani anatuhesabu kwa ubahili.

Shangazi akaweka kazi magotini.

"Mama, mimi nitarudi," akasema. "Mbarara nani wa kunigombeza? Dada yangu ni mpole."

Bosi hakucheka, lakini aliangalia saa. Ilikuwa kumi na moja kasorobo na umebaki mushanana mzima haujaguswa. Akainuka, akavua viatu vyake, akaja kukaa kwenye mkeka wangu kati yangu na shangazi, akanyoosha mkono bila kumwangalia mtu. Jirani wa Bukavu akampa sindano yenye uzi tayari. Bosi ndiye aliyemfundisha shangazi mapindo, nilikuwa sijui. Walishika shuka moja kutoka pembe mbili na wakaenda wakikutana, vidole vyao vikifanya kitu kilekile, kana kwamba ni mtu mmoja amejitazama kwenye kioo.

Mteja alifika saa kumi na mbili na dakika tano, gari limejaa wageni na masanduku. Bosi na shangazi walikuwa hawajakutana bado kwenye pindo, imebaki kama urefu wa kiganja. Nikamkaribisha, nikampa chai yangu ya tangawizi, nikamuuliza habari za Ulaya na nikasubiri majibu. Alikuwa bado anapuliza kikombe nguo ya kumi ilipokunjwa.

Alipokwisha kuondoka, tukaanza kufunika mashine. Bosi alikuwa bado chini, anaokota shanga zilizomwagika. Akasema bila kuinua kichwa:

"Jumatatu, shangazi. Wiki mbili. Siku ya kumi na tano, saa moja asubuhi, nataka kukuona hapa."

Shangazi akasema ndiyo. Kisha akaenda nyuma ya rafu ya vitambaa, akakaa kule muda, na sote tukapata ghafla kazi nyingi sana upande wa barabarani.

Kesho yake mtaroni nilizibua tope kama trekta. Na wiki mbili zile nilifanya kazi ya watu wawili: asubuhi mkasi, alasiri mapindo, bosi akikaa kando yangu kunifumulia mishono kila nilipokula nyuzi tatu. Mkeka ulibaki umetandikwa. Nilikula nimekaa. Dakika kumi za kulala nilizirudisha, na bosi akapita, akaona miguu, akasema tu niipake mafuta. Ule utulivu wa Bukoba wenyewe sikuupata tena, nisidanganye. Nilipata kitu kidogo zaidi, cha kukaa chini na kutazama kilicho mkononi, na hicho sikukileta kwa basi.

Siku ya kumi na tano nilifika saa kumi na mbili na nusu nikamkuta bosi amekwisha kufagia. Saa moja shangazi hakutokea. Saa moja na nusu tukawasha mashine. Saa mbili bosi akapangusa kiti cha shangazi, saa mbili na robo akakipangusa tena. Nilitaka kumpigia shangazi, bosi akakataa kwa mkono. Alisema mtu wa kurudi haitwi kwa simu. Jirani wa Bukavu alianza mzaha, akaumeza. Nilikata kipande kimoja muda ambao kwa kawaida nakata sita, na mara hii haikuwa kwa ajili ya utulivu.

Saa tatu shangazi akaingia, amebeba kikapu kichwani na mkoba begani, nguo zimejaa vumbi la njia. Basi lilikuwa limekaa mpakani Gatuna usiku kucha. Hakuwa amepita nyumbani. Akatua kikapu, ndizi na karanga, akasalimu. Tukamuuliza habari za dada.

"Ameniona," akasema. "Kwa upande mmoja, lakini ameniona. Amesema nimezeeka."

Akakaa kwenye kiti chake, akauliza nani amechezea mikasi yake midogo, na akanitazama mimi kabla sijajibu.

Bosi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akamwambia amechelewa saa mbili. Shangazi akasema anajua. Kisha bosi akachukua mkoba wake, akasema anatoka kidogo, anakwenda kunywa chai pale kwenye kona. Katika miaka yote ile hakuwahi kunywa chai nje ya karakana, wala kutuacha bila kutaja saa ya kurudi. Tukamwona anavuka barabara polepole, mkoba ukining'inia, anasimama kuongea na mama wa mandazi.

Saa sita kasorobo alikuwa bado hajarudi, na hakuna aliyempigia simu.